Shajara ya Mradi: Ukumbi wa Kazi wa Mtandaoni kwa Waandishi wa Mwongozo wa Pampu za Mkono

Jumatatu, 3 Februari 2025. Kijitonyama, Dar es Salaam

Leo seva ya ukumbi wetu wa kazi wa mtandaoni, yaani kompyuta inayohifadhi mafaili na majadiliano yetu, imewashwa na wanachama wa kwanza wameingia, hivyo shajara ya mradi inaanza rasmi. Kazi tuliyokusanyikia ni kuandika mwongozo wa Kiswahili kwa mafundi wa pampu za mkono za visima vya vijijini: namna ya kuifungua pampu, kuikagua, kubadilisha vipuri vilivyochakaa na kuirudisha mahali pake bila kuchafua kisima. Waandishi wake wametawanyika. Wahandisi wawili na mhariri tuko Dar es Salaam; mwalimu wa ufundi yuko Mbeya; mchoraji yuko Mwanza; na mafundi, ambao uzoefu wao ndio uti wa mgongo wa kitabu, wako Masasi, Kondoa na Kasulu. Fedha za kuwakutanisha mara kwa mara hazipo, na hata zingekuwepo, fundi aliyeitwa mjini kwa wiki nzima ameacha nyuma yake vijiji vinavyomtegemea.

Kabla ya leo tulifanya kazi kwa simu, barua pepe na kundi la WhatsApp. Rasimu iliandikwa Dar, ikajadiliwa Dar, kisha ikatumwa mikoani ili isomwe. Mwishoni mwa mwaka fundi wa Masasi aliniuliza kwenye simu, kwa upole wa mtu mzima: "Mhandisi, ninyi huko mkishakubaliana, sisi kazi yetu ni kuitikia tu?" Swali lile ndilo lililozaa mradi huu. Lengo nililoliandika katika ukurasa wa kwanza wa ukumbi ni kwamba aliye Kasulu aweze kuuona, kuupinga na kuubadilisha uamuzi wowote kwa urahisi uleule alio nao aliyekaa meza ya pili ofisini kwetu. Mafanikio ya programu, mashine na ratiba zote yatapimwa kwa lengo hilo.

Ijumaa, 14 Februari

Mjadala wa wiki hii ulihusu mahali pa kuiweka seva. Tulishaikodi kwa majaribio nje ya nchi, na wauzaji wa Ulaya wana bei nzuri. Hata hivyo tumeamua kuihamishia katika kituo cha data kilichopo hapa Dar es Salaam. Sababu ninaziandika kwa urefu ili atakayeirithi kazi hii asilazimike kuzitafuta upya.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM, ambayo yote miwili inatua Dar es Salaam, iliharibika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Intaneti ilizorota kwa siku kadhaa. Hali kama ile ikijirudia huku seva yetu ikiwa Ulaya, fundi wa Kasulu na mhandisi wa Kijitonyama watashindwa kufanya kazi pamoja ingawa wako nchi moja na nyaya zote za nchi kavu kati yao ni nzima. Seva iliyo hapa, chini ya kampuni inayobadilishana data na watoa huduma wengine katika kituo cha TIX (Tanzania Internet Exchange), inafikiwa kwa njia ya ndani bila data kuvuka bahari na kurudi.

Sababu ya pili ni ucheleweshaji wa sauti. Pendekezo G.114 la ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, linashauri kwamba muda kutoka mdomo wa msemaji hadi sikio la msikilizaji usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende bila watu kukatizana. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo za mikongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo sauti inayotoka Mbeya ikaenda Ulaya na kurudi Mwanza hutumia sehemu kubwa ya muda huo njiani tu, kabla simu na mitambo haijachukua sehemu yake. Katika kikao cha majaribio jambo hili lilijitokeza waziwazi: wenye mtandao dhaifu waliacha kusema, kwa sababu kila walipofungua mdomo walikuta mwingine ameshaanza. Wanaonyamazishwa na ucheleweshaji ni walewale ambao ukumbi huu umejengwa kwa ajili yao.

Programu tulizochagua zote ni huria, yaani yeyote anaweza kuzichukua na kuziendesha kwenye seva yake: Nextcloud kwa mafaili na kalenda, Etherpad kwa kuandika pamoja, Zulip kwa majadiliano na Jitsi kwa vikao. Seva ni yetu na data ni zetu, na siku tukitaka kuhama tutaondoka na kila kitu.

Alhamisi, 27 Februari

Swali gumu la mwezi huu ni WhatsApp. Kila mwanachama anayo, wengi hununua vifurushi vya mitandao ya kijamii ambavyo ni nafuu kuliko bando la kawaida, na hakuna anayehitaji kufundishwa kuitumia. Baadhi yetu waliuliza kwa haki kabisa kwa nini tusibaki huko.

Kundi la WhatsApp ni kama baraza la nyumba: aliyekuwepo jioni ile alisikia, aliyefika kesho yake anakuta watu wamehamia habari nyingine. Fundi anayeshinda siku tatu katika kijiji kisicho na mtandao hurudi na kukuta ujumbe mwingi uliochanganyika, wa vali, wa posho, wa rambirambi na wa kikao kijacho, na hawezi kujua ni wapi hasa hoja yake ilijibiwa. Katika Zulip kila ujumbe huwekwa chini ya mada yake. Anayerudi hufungua mada ya "Vali ya chini" peke yake, akaisoma tangu mwanzo, na jibu lake la siku ya nne linakaa palepale penye hoja na kusomwa na wote. Kwangu hii ndiyo sifa ya msingi ya ukumbi wa kazi: kuchelewa kufika kusimwondolee mtu haki ya kusema.

Tulichoafikiana ni kwamba WhatsApp itabaki kwa ajili ya kuitana tu. Mtu ataweka kiungo cha mada na sentensi moja ya kueleza kinachotakiwa. Majadiliano yafanyike ukumbini. Mwalimu wa Mbeya ameomba pia salamu na misiba viendelee kubaki WhatsApp, na hakuna aliyepinga, maana kikundi kisichojuliana hali hakiwezi kukosoana kwa amani.

Jumatano, 12 Machi

Ramadhani imeanza, hivyo kikao cha sauti kimehamishwa kutoka alasiri hadi saa 4 usiku, baada ya tarawehe. Kalenda ya Nextcloud huonyesha 22:00. Kwa makubaliano ya wote, kila mwaliko sasa unaandikwa na saa ya Kiswahili katika kichwa chake.

Tumeamua vikao vyote viwe vya sauti bila picha, isipokuwa pale kitu kinapohitaji kuonyeshwa. Hesabu yake ni rahisi. Kodeki ya Opus, yaani njia ya kubana sauti iliyosanifiwa mwaka 2012 na IETF, jumuiya inayoweka viwango vya intaneti, hutoa sauti ya mazungumzo inayoeleweka vizuri kwa kilobiti 16 kwa sekunde, yaani takriban MB 7 kwa saa. Picha moja ya video ya kilobiti 500 kwa sekunde hula MB 225 kwa saa, na anayepokea picha za watu wanne hutumia takriban MB 900 kwa kikao cha saa moja. Bando la namna hiyo analilipa mwanachama mwenyewe, na aliye mbali na mwenye kipato kidogo ndiye linalomuuma zaidi.

Wapo wanaodhani kwamba kuonana nyuso ndiyo maana yenyewe ya kufanya kazi pamoja mtandaoni. Mtangulizi wa mambo haya alikuwa na mpangilio mwingine. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu wa kompyuta jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, umbali wa kilomita 50 hivi, walivyoweza kuifanyia kazi hati moja kwa wakati mmoja. Uso wa mwenzake ulionekana pia, lakini ulikaa pembeni mwa skrini. Hati ndiyo iliyokuwa uwanja wa kazi. Baada ya miaka zaidi ya hamsini, bado ninaona mpangilio ule ni sahihi. Katika vikao vyetu rasimu iko wazi kwenye Etherpad mbele ya kila mtu, kila mwandishi ana rangi yake, na sauti inasaidia tu kueleza kinachoandikwa.

Jumatano, 26 Machi

Wiki mbili hizi zimetufundisha zaidi kuliko mwezi mzima wa kupanga programu, na ninataka kuzieleza kwa ukamilifu.

Sura ya tatu inahusu kutoa vali ya chini, ile iliyo mwisho wa bomba ndani ya kisima. Fundi wa Kondoa aliandika kwamba mabomba hayaguswi: fito zinazoivuta pistoni zinatolewa, kisha vali inanaswa na kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba lenyewe. Fundi wa Masasi akajibu kwamba huo ni usumbufu usio na sababu, kwani bomba zima hunyanyuliwa kwa mikono ya watu wachache na vali ikatoka nalo. Kila mmoja alisimamia neno lake kwa heshima lakini bila kurudi nyuma. Mhariri wetu, kwa nia njema, alipendekeza tuchague njia moja tukiwa ofisini ili sura isichelewe. Nilikataa, na ninafurahi kwamba Dada mhariri alikubali kusubiri.

Baada ya siku chache fundi wa Masasi alipiga picha hatua kwa hatua na kuziweka kwenye mada, na hapo ndipo jambo lilipofunguka. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye Nira AF-85, pampu ya visima vifupi isiyo na wenzo, ambayo mtumiaji huishika kwa mikono na kuipandisha na kuishusha moja kwa moja. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilipata pampu za Nira kupitia mradi wa maji uliosaidiwa na Finland kuanzia miaka ya 1970, na mafundi wa kule wamezizoea. Mwenzake wa Kondoa alikuwa akizungumzia Afridev, iliyokuzwa Kenya na Malawi katika miaka ya 1980 chini ya mpango wa UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) na Benki ya Dunia, ambayo hufika kina cha meta 45 na imeundwa makusudi ili vali na pistoni vitolewe bila kung'oa mabomba. Wote wawili walikuwa sahihi. Mwongozo sasa una sura mbili badala ya moja, na jedwali la kumsaidia fundi kutambua pampu iliyo mbele yake kabla hajashika spana.

Mwaka 2000 Gary na Judith Olson walichapisha utafiti uliochambua kwa nini umbali unaendelea kuwa na uzito hata pale ambapo mitambo ni mizuri. Walitaja, miongoni mwa mambo mengine, uelewa wa pamoja: watu walio mahali pamoja huona vitu vilevile na kujua mwenzao anazungumzia nini, na walio mbali hukosa msingi huo bila kujua kwamba wameukosa. Mjadala wa Kondoa na Masasi ni ushahidi wa hilo. Kama wangekuwa kisimani pamoja, tofauti ingeonekana kabla mtu hajasema neno. Kwa kuwa walikuwa mbali, ilibidi picha zifanye kazi hiyo, na zilihitaji mahali pa kukaa karibu na maneno yanayobishaniwa.

Kuanzia leo kila mada ya ufundi inafunguliwa kwa taarifa nne: aina ya pampu, kina cha kisima, mwaka wa kufungwa kwake kama unajulikana, na picha. Pendekezo limetoka kwa fundi wa Kondoa mwenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Michoro imeanza kuingia kutoka Mwanza. Tumekubaliana iwe katika SVG, muundo wa faili la mchoro, na itengenezwe kwa programu ya Inkscape, kwa sababu faili lake ni dogo, halipotezi ubora likikuzwa, na ndani yake ni maandishi ambayo mabadiliko yake yanaweza kufuatiliwa toleo kwa toleo.

Hapa lazima wanachama waelewe tofauti kati ya zana mbili. Etherpad huwawezesha watu wengi kuandika aya moja kwa wakati mmoja kwa sababu kila badiliko hutumwa peke yake na kurekebishwa ili lipatane na mabadiliko ya wengine. Wazo hilo lilielezwa na watafiti Clarence Ellis na Simon Gibbs mwaka 1989. Folda ya Nextcloud haifanyi hivyo kwa mchoro. Watu wawili wakilibadilisha faili moja wakiwa nje ya mtandao, programu haithubutu kuchagua mshindi: huhifadhi moja kama lilivyo na kuweka la pili pembeni kama nakala yenye mgongano, na binadamu ndiye anayepaswa kuyalinganisha. Ni tabia nzuri, kwani hakuna kazi ya mtu inayofutwa, lakini inadai nidhamu. Anayetaka kuugusa mchoro ataliandika jina lake kwenye orodha ya michoro, na atalifuta akimaliza. Maoni ya mafundi juu ya mchoro yataandikwa kwenye mada, si ndani ya faili.

Jumanne, 22 Aprili

Masika imekolea. Mtandao wa Kasulu umekuwa wa kukatikakatika, na fundi wetu wa huko ametuma maelezo yake kwa ujumbe wa sauti anaourekodi kisimani na kuupakia anapofika mjini. Mhariri anaunakili kwa maandishi, anauweka kwenye mada pamoja na sauti yenyewe, na hauhesabiwi kuwa umekamilika hadi fundi ausikie au ausome na kuukubali. Utaratibu huu ni wa polepole na tutaendelea nao.

Jumanne, 6 Mei

Tumepitia ukumbi kwa jicho la Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba za simu za wanachama zimeondolewa kwenye kurasa zinazoonekana na wote. Picha za visimani zenye sura za watu, hasa watoto, zimekatwa au kufunikwa, na mahali pa kisima panatajwa kwa wilaya tu. Nakala rudufu zinafungwa kwa nywila inayoshikwa na watu wawili, mmoja wao akiwa nje ya Dar es Salaam.

Jumatatu, 19 Mei

Jambo lililotutia wasiwasi mwezi huu limo ndani ya ofisi yetu. Thomas Allen, mtafiti wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mawasiliano ya kikazi hupungua kwa kasi kadiri meza za watu zinavyotengana, na kwamba yakishavuka meta 50 hivi huwa machache mno. Sisi wa Kijitonyama tuko ndani ya meta hizo, na tunazungumza wakati wa chai, tukishuka ngazi, tukisubiri mwendokasi. Mengi yanakamilika hapo kabla hayajafika ukumbini, bila mtu yeyote kukusudia kumficha mwenzake. Mwalimu wa Mbeya ameligundua kwa kusoma tu: aya ilibadilika kutoka jioni hadi asubuhi na kwenye mada hapakuwa na neno lolote la kueleza sababu. Ameandika: "Ndugu zangu, mabadiliko ni mazuri, lakini mlizungumza wapi?"

Kanuni iliyopitishwa na wote ni hii: mazungumzo ya ana kwa ana ni ruhusa, lakini yanazaa pendekezo, si uamuzi. Pendekezo linaandikwa kwenye mada pamoja na hoja zake, linakaa siku tano, na linaingia kwenye daftari la maamuzi ikiwa hakuna pingamizi. Siku tano zimechaguliwa kwa kipimo cha fundi aliyeko kijijini, ambaye kwa kawaida hurudi penye mtandao ndani ya muda huo.

Kanuni hiyo inaleta mzigo wa kuandika, na mzigo huo lazima uangaliwe. Mtafiti Jonathan Grudin alieleza mwaka 1988 kwamba mifumo mingi ya kazi za pamoja hufa kwa sababu anayefanya kazi ya ziada siye anayepata faida yake. Kwetu hatari iko pande mbili: mhariri akibebeshwa daftari peke yake atachoka, na mafundi wakiombwa kujaza fomu ambazo zinawanufaisha wahandisi tu wataacha kuingia. Kwa hiyo daftari la maamuzi litashikwa kwa zamu ya mwezi mmoja mmoja na wanachama wote wa Dar, Mbeya na Mwanza. Mafundi hawamo katika zamu hiyo. Wao watapata kitu ambacho wamekiomba tangu Machi: orodha ya vipuri yenye vipimo, inayofunguka kwenye simu hata bila mtandao, ambayo wanaweza kwenda nayo dukani leo bila kusubiri kitabu kichapishwe.

Jumanne, 3 Juni

Sura za Nira na Afridev zimeidhinishwa ukumbini. Pingamizi la mwisho lilitoka Kasulu, nalo lilikuwa zito: mchoro wa sili ya umbo la U, ule mpira unaozuia maji yasivuje pembeni mwa pistoni, ulionyesha mdomo wake ukitazama chini, na fundi aliusahihisha kwa kupiga picha ya sili mpya ikiwa kwenye pistoni, mdomo juu. Mchoraji amekwisha kuubadilisha, na toleo la zamani limehifadhiwa pamoja na jina la aliyelisahihisha. Orodha ya vipuri imepakiwa, na fundi wa Kondoa ameomba iongezwe safu ya vipuri mbadala vinavyopatikana Dodoma mjini; mada imefunguliwa leo na pendekezo litakaa hadi Jumapili.

Daftari la maamuzi kwa mwezi huu liko mikononi mwa mwalimu wa Mbeya. Sura ya pampu za sola itaanza baada ya wanachama kueleza ni mitambo ipi iliyoko katika maeneo yao, kwa taarifa zilezile nne. Kodi ya seva imelipwa hadi Desemba, na zoezi la kurejesha data kutoka nakala rudufu litafanywa na mchoraji akiwa Mwanza, ili tuhakikishe kwamba ukumbi unaweza kuinuliwa upya bila mtu yeyote wa Dar es Salaam kuwepo.